Kitabu cha fizikia ya chuo: nichukue toleo lipi kati ya haya?

Kasuku wa Dawati
Wakuu, habari zenu. Naanza mwaka wa kwanza wiki mbili zijazo na kichwa kinaniuma kabla hata sijaingia darasani. Kwenye orodha wametaja jina la kitabu cha fizikia na waandishi wake, basi. Toleo hawakusema. Mezani ninavyo vitatu. Cha kwanza ni hicho hicho walichotaja, ila ni cha kaka yangu, toleo la miaka ya 90, jalada linashikiliwa na gundi. Cha pili nimeazimwa nikiangalie kabla ya kununua: toleo jipya la kimataifa, jalada laini. Cha tatu ni cha bure cha OpenStax, wale wanaotoa vitabu vya chuo bure mtandaoni, nimekipakua. Na huko kwenye bure nako nimekuta mtego, kuna College Physics na kuna University Physics. Mimi nilidhani ni kitabu kimoja chenye majina mawili. Nisaidieni nisije nikajuta.

Mwanga wa Koroboi
Toleo baadaye. Unasomea nini?

Kasuku wa Dawati
Uhandisi wa ujenzi, mkuu.

Mwanga wa Koroboi
Basi College Physics iweke kando. Kilitoka 2012, toleo la pili likaja 2022, na ni kitabu kizuri, ila kinakwenda kwa aljebra na trigonometria tu. Kinawafaa watu wa baiolojia, udaktari na wengine ambao kozi yao haidai kalkulasi, yaani hesabu za vitu vinavyobadilika mfululizo. Chako ni University Physics cha 2016. Kiko juzuu tatu: ya kwanza mekanika, mawimbi na sauti, ya pili joto, umeme na sumaku, ya tatu mwanga na fizikia ya kisasa.

Nikuonyeshe tofauti yenyewe. Unavuta springi kwa umbali x. Kani haitulii, inakua kadiri unavyovuta, F = kx (k ni ugumu wa springi). Kitabu cha aljebra kitakuchorea grafu, utaona pembetatu, nusu ya kitako mara kimo, unapata kazi iliyofanyika ni ½kx². Sawa kabisa. Cha kalkulasi kinaandika integrali (kujumlisha vipande vidogo vidogo) ya kx kutoka 0 hadi x, na jibu ni lile lile, mpaka unajiuliza walikuwa wanahangaika na nini. Sasa nikupe springi ngumu zaidi, kani yake kx + bx³. Pembetatu imeshakufa hapo. Integrali wala haishtuki: ½kx² + ¼bx⁴, unasonga mbele. Mhandisi anakutana na springi ya aina hiyo, na mtihani wako pia.

Mzee wa Kani
Naunga mkono. Nyongeza yangu: usikidharau kitabu cha kaka yako. Newton hajabadilisha kanuni zake tangu 1687. Ukikifungua utakuta kilo moja ni ile silinda ya madini iliyotunzwa karibu na Paris. Hilo limepitwa, tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo inatokana na namba thabiti ya Planck. Utakuta pengine neutrino, ile chembe ndogo mno, haina masi, na mawimbi ya mvutano hayajawahi kunaswa (yalinaswa Septemba 2015). Lakini niambie, ni swali gani la mtelemko na msuguano litakalobadilika jibu kwa sababu hiyo? Hakuna.

Chaki ya Bluu
Mzee, kwenye nadharia uko sahihi. Kwenye mazoezi ndipo tunapolia. Mimi nilitumia toleo la nyuma muhula mzima wa kwanza. Mhadhiri anasema sura ya 5, swali la 23, nami naenda nalifanya kwa raha zangu. Kwangu lilikuwa mtu amesimama juu ya mizani ndani ya lifti. Kwa wenzangu lilikuwa sanduku kwenye mtelemko. Nikapewa sifuri yenye duara nyekundu. Na afadhali hilo, maana unaona tofauti ukilinganisha na jirani. Baya ni pale swali linapokuwa lile lile ila nyuzi 25 zimegeuzwa 30. Huwezi kujua hata ukilisoma mara kumi. Matoleo ya kimataifa nayo wakati mwingine yanachezewa hivyo hivyo, maelezo yaleyale, maswali yamepangwa upya.

Kasuku wa Dawati
Hicho cha kimataifa kimeandikwa kwa nje kwamba hakiruhusiwi kuuzwa Marekani. Si cha wizi kweli?

Mwanga wa Koroboi
Hapana, ni halali. Mchapishaji mwenyewe ndiye anayekitoa kwa masoko mengine. Kuna mwanafunzi kutoka Thailand, Kirtsaeng, aliyeviuza hukohuko Marekani, mchapishaji Wiley akamshtaki, na Mahakama ya Juu ikampa ushindi mwanafunzi mwaka 2013.

Binti Sumaku
Kasuku, kabla hujalipa chochote, muulize mhadhiri mambo mawili: maswali ya nyumbani yanatoka toleo gani, na je, yanafanyiwa mtandaoni? Kama ni mtandaoni utahitaji namba ya kufungulia, na kitabu kilichotumika, mara nyingi namba yake imeshatumika.

Halafu angalizo la termodinamiki, hili liliniponza. Vitabu vingine vinaandika ΔU = Q − W, ΔU ikiwa badiliko la nishati ya ndani ya gesi, Q joto linaloingia, W kazi inayofanywa na gesi. Vingine ΔU = Q + W, W ikiwa kazi inayofanyiwa gesi. Vyote viko sawa. Ukichanganya viwili usiku wa kuamkia mtihani, alama zako za kujumlisha na kutoa zinageuka kachumbari.

Kasuku wa Dawati
Nimerudi, wakuu. Mhadhiri amejibu: toleo lolote, mradi liwe la kalkulasi, maswali atayagawa mwenyewe kwenye karatasi. Kwa hiyo cha kimataifa nakirudisha. Nabaki na University Physics, juzuu ya kwanza nitaichapisha kwa sababu kusoma kwenye simu kunanichosha macho. Cha kaka kitakaa mezani kwa maswali ya ziada, maana pembeni amejaza kazi zake kwa penseli.

Chaki ya Bluu
Kagua hizo penseli kwanza kabla hujaziamini. Kaka yako alipata ngapi?

Kasuku wa Dawati
Alirudia mtihani 😂