Naomba ushauri: picha za Second Life nizichape kwenye karatasi au turubai?

Mshumaa_wa_Kusi (mwanzisha uzi)
Wakuu, salamu. Huu ni mwaka wa nne ninaingia Second Life, ule ulimwengu wa kubuni wa mtandaoni ambao watumiaji wenyewe hujenga nyumba zake, kila usiku baada ya kazi, na humo ndani hupiga picha kwa uangalifu uleule ambao mwingine angeutumia akitembea na kamera yake Forodhani: nasogeza jua mpaka kivuli kilale ninapotaka, nabadilisha mawingu, na pengine nazunguka ukuta mmoja saa nzima. Hoteli moja ya hapa Unguja imeziona picha sita kwenye simu yangu, ikazitaka kwa ajili ya ukumbi wake, kila moja kwa ukubwa wa A2, na nusu ya malipo nimekwisha kuipokea. Tatizo ni kwamba mchapaji mmoja ananishauri karatasi ya pamba na mwingine ananishauri turubai, nami sipati usingizi kwa kutojua kipi kitastahimili hewa ya bahari. Natakiwa kuzikabidhi Ijumaa ijayo.

Wino_Mweusi
Ndugu, kabla ya karatasi tuzungumze pikseli, yaani vinukta vinavyounda picha. A2 ikilazwa ina upana wa sentimita 59.4, na ukitaka nukta 300 kwa kila inchi unahitaji pikseli zipatazo 7,000 kwa upana huo. Kama ulihifadhi kile tu kilichoonekana kwenye kioo cha kompyuta ya kawaida chenye pikseli 1,366, utapata nukta 58 kwa inchi, na wageni wa hoteli wataona ngazi mahali ulipokusudia ukingo wa dari. Ama kuhusu unyevu, dai wino wa pigmenti, karatasi isiyo na asidi, na fremu inayoacha nafasi kati ya karatasi na kioo. Mimi niliwahi kuchapa picha za harusi ya shemeji yangu, kioo kikagusa karatasi, na baada ya masika bibi harusi alibaki nusu ubavuni mwa mume na nusu kwenye kioo.

Mshumaa_wa_Kusi
Ahsante, mkuu. Dirisha la kupigia picha linaniruhusu kuandika upana ninaoutaka, hivyo nimezihifadhi kwa pikseli 5,000, ingawa kompyuta yangu iliganda mara mbili.

Wino_Mweusi
Hiyo inakupa kama nukta 214 kwa inchi, ambazo zinatosha kwa picha ya ukutani. Fahamu tu kwamba kupanua dirisha hakuongezi undani wa kuta zenyewe. Kwa miaka mingi, kikomo cha picha inayofunika umbo ndani ya Second Life kilikuwa pikseli 1,024 kwa 1,024, kwa hiyo chokaa iliyoonekana nzuri kwa mbali huweza kufanana na uji uliomwagika ukiisogelea. Chapa kipande kidogo cha majaribio kwanza.

Mama_Ukingoni
Mwanangu, mimi sina elimu ya pikseli, ila nakuuliza: mnamuuzia mtu picha ya nyumba isiyokuwepo, ukutani mwa hoteli iliyozungukwa na nyumba zilizopo? Vijana wangu wawili nao hawalali kwa ajili ya michezo ya kompyuta, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniletea shilingi.

Msoma_Masharti
Mama, sanaa hii ina wenyewe. Mwaka 2007 Eva na Franco Mattes walionyesha New York picha za avata (maumbo yanayowakilisha watumiaji) wa Second Life zilizochapwa kwenye turubai, na Alan Butler wa Ireland amejulikana kwa picha alizozipiga ndani ya mchezo wa Grand Theft Auto V. Hao lakini hawakuficha zilikotoka. Ndugu mwanzisha uzi, Second Life ilifunguliwa mwaka 2003, na mwaka huohuo kampuni yake, Linden Lab, ilitangaza kwamba mkazi, yaani mtumiaji, anabaki na hakimiliki ya alichokiunda. Isitoshe, mwenye ardhi humo ndani anaweza kuweka masharti yake kuhusu upigaji picha. Je, nyumba zilizomo kwenye picha zako ni nani aliyezijenga? Na hoteli inajua ni za wapi?

Mshumaa_wa_Kusi
Sikuona haja ya kulitaja hilo kwa sababu swali langu lilihusu karatasi. Tano nilizipiga kwenye kiwanja changu. Ya sita, ambayo hoteli imeipenda kuliko zote, ni ya nyumba yenye mlango wa kuchonga, iliyojengwa na mwanamke mmoja wa Ulaya ambaye aliniambia nipige picha nitakavyo. Kuuza hatukuzungumzia. Hoteli haikuuliza ni wapi, nami sikusema uongo. Na tukitaka kuwa wakweli, yeye mwenyewe aliiga milango yetu. Mwanga na pembe ya picha ni vyangu.

Fundi_Mfaa
Nimechonga milango tangu nikiwa na miaka kumi na mitano, kwa hiyo nivumilieni. Nakshi ni za wote, lakini mkono si wa wote. Babu yangu aliweza kupita mtaani akatazama mfaa tu, yaani ule ubao wa katikati, akakutajia fundi. Kizingiti cha juu ndicho kilichobeba maandishi, mara aya, mara mwaka, mara jina la mwenye nyumba.

Shahidi_wa_Zamu
Wakuu, uzi huu umetungwa. Kompyuta inayoganda imetoa picha za pikseli 5,000, hoteli imelipa nusu kwa kutazama simu, na mlango wa Kizanzibari umechongwa na Mzungu ili mzee Fundi apate la kusema. Hadithi imenyooka kupita kiasi. Kama ni kweli, mwanzisha uzi atuambie kwenye kizingiti cha juu cha mlango huo kumeandikwa nini.

Mshumaa_wa_Kusi
Sasa hakujaandikwa kitu.

Palikuwa na jina lake, kwa herufi ndogo zilizozungukwa na maua, ambalo kwenye kioo cha kompyuta halikusomeka hata kidogo. Nilipopanua hadi pikseli 5,000 likajitokeza, nami nikalifuta kwa kunakili maua ya pembeni, kazi iliyonichukua usiku mzima. Niliogopa hoteli isije ikauliza jina hilo ni la nani.

Shahidi_wa_Zamu
Naomba radhi. Hili hakuna anayelitunga.

Msoma_Masharti
Basi jambo lako limetoka kwenye karatasi. Sheria yetu ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003 inampa mtunzi haki ya kutajwa, mbali kabisa na suala la fedha. Mwandikie leo, umweleze bei na ukubwa, na uiambie hoteli kabla haijaambiwa na mgeni wake.

Mshumaa_wa_Kusi
Nimemwandikia saa hii. Hayupo mtandaoni, na Ijumaa inakaribia.

Wino_Mweusi
Faili la awali, lenye jina, bado unalo?

Mshumaa_wa_Kusi
Ninalo.

Wino_Mweusi
Akikubali, chapa hilo, na uchape kwenye karatasi. Turubai hukunjwa nyuma ya mbao, sentimita tatu au nne kila upande, na kama kizingiti kiko karibu na ukingo wa juu, jina lake litaishia nyuma ya fremu, likitazama ukuta.

Mshumaa_wa_Kusi
Kiko sentimita mbili kutoka juu. Ndiyo maana nilikuwa naegemea turubai.