Mrejesho: G6PD iliyokuwa inakufa kwenye tyubu

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Kwa ambao hawakuwepo: niliuliza kwa nini G6PD ya binadamu (kimeng'enya kinachofanyia kazi sukari iitwayo glukosi-6-fosfati), iliyozalishwa ndani ya bakteria na kusafishwa, inasoma vizuri asubuhi halafu kufika mchana imeshuka karibu nusu, wakati iliyobaki kwenye friza ni nzima.

Aliyesema niangalie bafa ya kuzimulia (mmumunyo unaotunza pH) alipiga penyewe. Kimeng'enya kikizimuliwa sana kwenye bafa tupu hunata kwenye kuta za plastiki. G6PD ina la ziada: bila NADP+ (molekuli inayopokea elektroni za sukari hiyo na kugeuka NADPH) umbo lake hulegea, maana ina sehemu ya pili ya kushika molekuli hiyo, mbali na pale kazi inapofanyika. Nimeweka albumini ya ng'ombe miligramu 1 kwa mililita, NADP+ kidogo, tyubu zikakaa kwenye barafu. Sasa kwenye nanomita 340, mwanga unaofyonzwa na NADPH, mstari unapanda umenyooka, na wa jioni unaulalia wa asubuhi.

Ushauri wa kuongeza kimeng'enya haukufaa. Mstari ulipaa ukapinda mapema mno, kasi ya mwanzo utaisomea wapi?

Kyuveti (kichupa cha kupimia mwanga) isiyo na glukosi-6-fosfati haikupanda, kwa hiyo NADPH ile si ya uchafu. Vizuizi (kemikali za kuzuia kimeng'enya) bado sijavipima, vyangu vimeyeyushwa kwenye kiyeyushi cha DMSO, nayo lazima ipimwe peke yake kwanza. Na mkuu uliyeuliza Km ya NADP+ (kiwango chake kinachofikisha nusu ya kasi ya juu kabisa), vuta subira: ile iliyomo kwenye bafa inaingia kwenye hesabu pia.