Lamu: Kumwachisha kazi mtumishi wa nyumba ya marehemu baba, naomba ushauri

Mkaazi wa Mkomani: Assalamu alaykum ndugu zangu. Baba yetu alifariki mwaka jana, akatuachia nyumba ya mawe mtaa wa Mkomani, ambayo sisi ndugu watatu tumekubaliana kuiuza kwa kuwa sote twaishi mbali na gharama za kuitengeneza zimetushinda. Ndani yumo mtumishi wa kike aliyekaa humo miaka mingi, akipika na kumuuguza baba hadi mwisho wake. Hana mkataba wa maandishi. Nimpe notisi ya siku ngapi, na nimlipe nini, ili aondoke bila kesi?

Binti Langoni: Wa alaykum salaam. Kwa Sheria ya Ajira ya 2007, anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28, na kama hakuandikishwa NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, hudai malipo ya utumishi kwa kila mwaka. Kukosa mkataba hakukusaidii wewe, kwani ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha masharti ya kazi.

Nahodha Mstaafu: Mimi lanitia uchungu hilo la kuuza. Sisi kwetu tuliuza nyumba ya babu, fedha zikagawanywa, na leo wajukuu hupita mlangoni kama wageni. Mji huu uko katika Urithi wa Dunia tangu 2001, lakini wenyewe twautoka nyumba baada ya nyumba. Fikirini kuikodisha.

Mama Shela: Mwanangu, mbona hutaji mshahara wake? Mtumishi aliyemuuguza mzee hadi kufa, na bado analala ndani ya nyumba, ni nani kwenu?

Mkaazi wa Mkomani: Mama, nitasema. Marehemu alikuwa akimwita mwanangu mbele za watu. Mama yake hakuolewa na baba, kwa tujuavyo, na kwa hivyo hana fungu katika mirathi. Ndiyo maana sikuona haja ya kulitaja. Isitoshe, mnunuzi ameshatoa arubuni, na kaka mkubwa ameitumia kulipia madeni ya hospitali. Hatukudhulumu mtu.

Msomaji wa Sheria: Basi suala lako si la notisi. Tarehe 30 Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba watoto wa Muislamu waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi wa baba yao kwa sababu hiyo pekee. Vilevile, ingawa Sheria ya Urithi inawaachia Waislamu mafungu yao ya dini, sehemu yake inayohusu usimamizi wa mali inawahusu pia pale isipopingana na dini, na inakataza kuuza nyumba au ardhi ya marehemu kabla hati ya usimamizi haijathibitishwa na mahakama. Arubuni mliyoichukua imetangulia mahakama.

Ustadh wa Pate: Uamuzi huo masheikh wengi wameupinga, nami ni miongoni mwao, kwa kuwa nasaba katika mirathi ya Kiislamu hufuata ndoa. Lakini ndugu, una yakini gani kwamba hapakuwa na ndoa? Nikahi husihi kwa walii na mashahidi wawili hata pasipo cheti, na wazee wetu wengi walioa hivyo. Waulize wazee wa upande wa mama yake kabla ya kumwita mtoto wa nje. Angalieni pia kama marehemu aliacha wasia, maana asiye mrithi aweza kuusiwa hadi thuluthi ya mali.

Msafiri wa Malindi: Mimi nina shaka na uzi huu. Mtumishi ambaye ghafla ni binti, na mnunuzi ambaye hakuwepo mwanzoni! Naona mtu amesoma uamuzi wa mahakama kisha akautungia kisa cha Mkomani. Mshahara umeulizwa na hujaujibu.

Mkaazi wa Mkomani: Wallahi sikutunga. Mshahara sikuujibu kwa sababu haukuwepo; baba alimpa fedha za matumizi, kama alivyotupa sisi tulipokuwa wadogo. Nilimwita mtumishi kwa kuwa ndivyo kaka alivyotaka tuandike kwa wakili wa mnunuzi.

Mama Shela: Hapo umejieleza mwenyewe, mwanangu. Asiyelipwa mshahara haachishwi kazi.

Mkaazi wa Mkomani: Notisi nitaisimamisha, lakini arubuni siwezi kuirudisha sasa, na kaka hatakubali jina la binti huyo liandikwe. Tuanzie wapi?

Msomaji wa Sheria: Anzeni kwa chifu na cheti cha kifo. Barua ya chifu hutaja walioachwa na marehemu, na binti huyo atajwe humo. Akiachwa nje, aweza kuja baadaye kuomba hati ibatilishwe, na mnunuzi wenu atakuwa wa kwanza kuwashtaki. Kisha fungueni mirathi kwa Kadhi wa Lamu, mkijua kwamba mamlaka yake, kwa ibara ya 170 ya Katiba, hutegemea pande zote ziwe Waislamu na zikubali kuhukumiwa naye. Binti akikataa, kesi itakwenda Mahakama Kuu. Mnunuzi aandikiwe leo kwamba mauzo yanasubiri hati, na asiongeze hata shilingi.