Harufu kali ya klorini bwawani: ni dalili ya maji safi au ya mkojo?

Mzazi wa Ntinda

Ndugu zangu, naomba msaada katika jambo ambalo limenitatiza tangu shule zilipofungwa. Kila Jumamosi ninawapeleka wanangu wawili, wa miaka sita na wa miaka tisa, kujifunza kuogelea katika hoteli moja hapa Kampala. Bwawa liko nje, lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 8, na kina chake kimeandikwa ukutani kuwa kinaanzia mita 0.9 hadi 1.9. Asubuhi tunapofika maji hayana harufu ya kusumbua, lakini ifikapo saa nane mchana, watoto wapatao arobaini wakiwa wamekwisha kuingia na kutoka, harufu ya dawa hutufikia hata sisi wazazi tulioketi kivulini, na wanangu hurudi nyumbani na macho mekundu huku mdogo akikohoa hadi usiku.

Nilipomwuliza mhudumu, alinijibu kwa fahari kwamba harufu hiyo ndiyo ushahidi kuwa dawa imekolea. Siku hiyo hiyo nilimsikia mwalimu wao wa kuogelea akimwambia mtoto aliyeomba ruhusa ya kwenda msalani kwamba ajisaidie humo humo, kwa kuwa klorini huua kila kitu. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na hoja. Je, wana haki hao wawili? Na ile rangi inayosemekana kutiwa majini ili kumwumbua anayekojoa, ipo kweli?

Mwalimu wa Kemia, Jinja

Mzazi mwenzangu, nianze na la mwisho: rangi hiyo haipo, ni hofu waliyobuni wakubwa ili kuwatisha watoto, ingawa nakiri kwamba mimi mwenyewe iliwahi kunisaidia.

Mhudumu amekueleza kinyume cha mambo. Klorini iliyo huru majini, kwa kiwango kinachofaa, karibu haina harufu. Mkojo una urea kwa wingi, pamoja na amonia, kreatinini na asidi ya yuriki, na vyote hivyo vina nitrojeni. Klorini inapokutana na nitrojeni hiyo hujifunga nayo na kuwa kloramini, ambazo nguvu yake ya kuua vijidudu ni ndogo sana ikilinganishwa na klorini huru. Mojawapo, trikloramini, haipendi kukaa majini. Hupanda hewani na kutanda juu ya maji, pale pale pua ya muogeleaji inapovuta pumzi. Hiyo ndiyo mnayoinusa, na ndiyo inayowasha macho na koo. Huko Ubelgiji, Alfred Bernard na wenzake walichapisha mwaka 2003 utafiti uliohusisha gesi hiyo na pumu kwa watoto waliozoea mabwawa ya ndani. Bwawa lenu liko nje na upepo huipeperusha, kwa hiyo ikiwa bado inawafikia kivulini, basi si kidogo.

Kwa haki, jasho nalo lina urea, na mafuta ya kujipaka huila klorini pia. Mkojo haustahili kubeba lawama yote. Asidi ya yuriki, hata hivyo, hutoka kwenye mkojo kwa sehemu kubwa kabisa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2014 na wanasayansi wa China na wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, ulionyesha kwamba ikikutana na klorini huzaa trikloramini na pia kloridi ya sianojeni, ambayo ni gesi ya sumu. Jina hilo la pili hutisha, na kuna waliolipokea kana kwamba bwawa limegeuka sumu. Ukweli ni kwamba kiasi chake ni kidogo mno kuweza kumwua mtu bwawani.

Huyo mwalimu wa kuogelea hayuko peke yake, maana Michael Phelps mwenyewe alisema hadharani mwaka 2012 kwamba waogeleaji hukojoa bwawani na kwamba klorini humaliza tatizo. Ni bingwa wa kuogelea, si wa kemia. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walipima katika mabwawa kiungo kimoja cha kutia utamu ambacho mwili haukisagi bali hukitoa kwenye mkojo kama kilivyoingia, wakakadiria kwamba bwawa moja la lita 830,000 lilikuwa na lita 75 hivi za mkojo. Bwawa lenu, kwa vipimo ulivyotaja, lina lita 224,000. Kama watu wenu wana tabia kama ya wale wa Kanada, humo mna takriban dumu zima la lita 20.

Mzee wa Mbale

Wanangu, sisi tulikulia mtoni, ng'ombe wakinywa na kukojoa upande wa juu wa mto, na tumezeeka. Mkojo wa mtu mzima wa afya hauna ugonjwa. Hizi hofu ni za watu wa mjini.

Muuguzi, Hoima

Shikamoo mzee. Kuhusu mkojo wenyewe uko karibu na ukweli, kwa kuwa shida yake bwawani si vijidudu bali ni kuimaliza klorini iliyowekwa ili kupambana na vijidudu vya wengine. Ila mto na ziwa si mfano mzuri: hapa karibu na Ziwa Albert tunatibu kichocho cha matumbo kila mwezi, na kinawapata watu majini humo humo wanamooga na kuvua. Bwawa lililotunzwa halina konokono wa kukibeba kichocho, hivyo hilo lisimsumbue mama. Cha kumsumbua ni mtoto mwenye kuhara. Kriptosporidiamu, kimelea kinacholeta kuhara, huweza kuishi zaidi ya siku saba katika maji yenye klorini ya kawaida, kwa hiyo mtoto aliyehara abaki nyumbani. Na huyo mdogo anayekohoa usiku, mpeleke asikilizwe kifua.

Fundi wa Mabwawa, Entebbe

Wenzangu wengi hupima kwa pua, na hapo ndipo tunapoaibika. Nunua vidonge vya kupimia: kidonge namba 1 hukupa klorini huru, ukiongeza namba 3 unapata klorini yote, na tofauti ya hizo mbili ndiyo iliyofungwa na uchafu. Mwongozo wa Marekani unataka klorini huru isipungue miligramu 1 kwa lita, iliyofungwa isizidi 0.4, na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, isizidi 7.8.

Mzazi wa Ntinda

Nawashukuru sana, nanyi mzee pia. Nimepima leo saa nane mchana mbele ya meneja: namba 1 imetoa 0.6, jumla imetoa 1.8, na pH ni 8.0. Meneja ameagiza dawa iongezwe papo hapo, watoto wakiwa majini.

Fundi wa Mabwawa, Entebbe

Watoe watoto kwanza, tafadhali. Iliyofungwa ni 1.2, mara tatu ya kikomo, na kwa pH ya 8.0 ni kama robo tu ya ile 0.6 inayofanya kazi. Washushe pH kwanza, kisha jioni, bwawa likiwa tupu, watie klorini mara kumi ya iliyofungwa, yaani miligramu 12 kwa lita. Kwa maji yenu ni kama kilo 4 za unga wa klorini wa asilimia 65. Akiongeza nusu nusu mchana, kloramini hazivunjiki, harufu huzidi. Asichanganye unga huo na vile vidonge vikubwa vya klorini katika ndoo moja, kwani huwaka moto. Urea iliyobaki haiondoki kwa dawa peke yake, inabidi maji mapya yaingie. Ujerumani hukadiria lita 30 kwa kila muogeleaji, ambazo kwa watoto arobaini ni lita 1,200 kwa siku. Mwulize meneja pia kama bafu la kuogea kabla ya kuingia linatoa maji, kwa sababu mabafu mengi ninayoyakuta yamegeuzwa stoo ya viti.

Mzazi wa Ntinda

Limejaa miavuli.