MREJESHO: Ndago kwenye ukoka wa nyumbani

Wakuu, niliuliza kwa nini ndago, yale magugu yanayofanana na nyasi, hurudi kwenye ukoka kila ziking'olewa. Wengi mlisema niache jembe, na ni kweli. Chimbua shina moja taratibu: chini kuna kiazi cheusi saizi ya punje ya njugu, kisha uzi mwembamba unaokwenda kwenye kingine, na kingine tena. Ukivuta, uzi unakatika na vilivyobaki vinaamka. Jembe ndilo husambaza.

Dawa ya magugu ya 2,4-D iliunguza majani ya ndago tu. Glaifosati inaua na ukoka wenyewe. Iliyofanya kazi ni ya halosulfuroni, ikichanganywa na dawa ya kunatisha, kwa sababu jani la ndago lina nta na maji huteleza. Piga majani yakiwa machanga. Usikate nyasi siku 2 kabla wala 2 baada. Ndago huonekana kuwa za manjano baada ya wiki 2 au 3, kwa hiyo usirudie kwa pupa! Zinazochipua upya zipigwe baada ya wiki 6 hivi.

Kuzuia: kata ukoka ubaki na urefu wa sentimita 3 hadi 4, usikwangue mpaka udongo uonekane, maana ukoka huo hutia kivuli na ndago haipendi kivuli. Maji yawe mengi lakini mara chache. Kurashia kila jioni ni kuzifuga. Udongo au samadi ya kununua, kwanza chukua kiasi kidogo ukiloweshe kwenye ndoo iliyotobolewa, ukiache kwa wiki 2 au 3. Kikichipua chochote chenye shina la pembe tatu, rudisha mzigo.