Daftari la samaki la mwaka mzima: Calc, Google Sheets au OpenRefine?

Chuda_Pwani
Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu hapa Tanga kinaandika samaki wanaoshushwa: tarehe, chombo, aina, kilo, bei na simu ya mnunuzi. Kila mwandishi ana faili lake, wengine xlsx (la Excel), wengine CSV (maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato). Nataka kuunganisha ya mwaka mzima bila kununua leseni. Laptopu ni Windows, RAM GB 4. Mnanishauri nini? Na Gnumeric, ile programu nyingine ya majedwali, mnaionaje?

Mkonge_Muheza
LibreOffice Calc, programu huria ya majedwali, mjadala umeisha. Inabeba mistari 1,048,576 kwa shiti moja. Hamtaijaza labda mhesabu dagaa mmoja mmoja. Inafungua xlsx na CSV, na ukishaiweka haihitaji intaneti. Kuipakua ni zaidi ya MB 300, tafuta mwenye nayo kwenye flashi. Gnumeric ni nyepesi kweli, ila toleo la Windows waliliacha zamani.

Dada_Raskazone
Mkonge, umempeleka mtu baharini hujamwonyesha mwamba. Ukifungua CSV, Calc inaleta kwanza dirisha la maswali, na watu hubonyeza OK bila kusoma. Hapo ndipo simu zinazoanza na 07 hupoteza sifuri. Bonyeza kichwa cha kolamu ya simu, weka Text. Ya tarehe weka DMY (siku, mwezi, mwaka), la sivyo 03/04 yaweza kusomeka Machi 4 badala ya Aprili 3. Na kwenye mfumo wa herufi chagua UTF-8.

Fundi_Ngamiani
Mimi ni wa Google Sheets. Waandishi wote wanaingiza humo humo, hakuna tena "nitumie faili jipya". Kikomo ni seli milioni 10.

Mkonge_Muheza
Na bando likiisha?

Fundi_Ngamiani
Unaweza kuiruhusu ifanye kazi nje ya mtandao. Ila nakubali, si programu huria, ni ya bure tu, na data inakaa kwao.

Chuda_Pwani
Ahsanteni. Nimejaribu Calc, imefungua vizuri. Kinachoniumiza ni kolamu ya aina. Kuna "kibua", "KIBUA", "vibua" na "kibuwa". Pivot (jedwali la muhtasari) inanipa samaki wanne, na samaki ni yule yule mmoja.

Mjukuu_wa_Pangani
Sasa umefika kwa OpenRefine, programu huria ya kusafisha data, na ungeanzia huko. Zamani ikiitwa Google Refine, sasa inaendeshwa na jumuiya. Inafunguka ndani ya kivinjari lakini data haitoki kwenye kompyuta yako. Pakua toleo la Windows lenye Java ndani yake.

Kwenye kolamu ya aina nenda Cluster and edit, inayokusanya maneno yanayofanana. Njia ya kwanza, fingerprint, inapuuza herufi kubwa, nukta na nafasi zilizozidi, kwa hiyo "KIBUA" inaungana na "kibua" papo hapo. "Kibuwa" na "vibua" zitabaki. Hizo hamia nearest neighbor, inayotafuta maneno yanayokaribiana kwa herufi, na hapa wengi hukwama: Block chars (herufi mfululizo ambazo maneno lazima yashiriki) huanza na 6, na majina ya samaki wetu ni mafupi. Ishushe hadi 3. Radius, yaani tofauti ya herufi inayoruhusiwa, iache 1. Ukiweka 2, nguru ataletwa pamoja na nguva, na nguva ni mnyama anayelindwa; sidhani kama mnataka ripoti iseme mmemuuza. Kila kundi lisome kabla ya kulikubali.

Uzuri mwingine: hatua zote zinahifadhiwa. Unazitoa kama JSON (maandishi yanayosomwa na programu), mwezi ujao unazibandika kwenye faili jipya na usafi unajirudia. Makosa mapya tu ndiyo utakayoyashughulikia kwa mkono. Ukimaliza, toa xlsx, rudi Calc kwa pivot na hesabu. Kujumlisha kilo ndani ya OpenRefine ni kujitesa.

Chuda_Pwani
Mkuu, nimekupata. Na chombo kimoja chenye majina mawili je? Kuna ngalawa inaandikwa kwa jina lake na kwa jina la nahodha.

Dada_Raskazone
Hiyo programu haiwezi kuijua, kaeni na manahodha mwandike orodha. Halafu katika Calc nenda Data, Validity, Cell range, uifunge kolamu kwenye orodha hiyo. Mwandishi achague, asiandike. Na usambaze faili la namna moja kwa wote, maana seli ikibandikiwa kitu kutoka faili jingine, kizuizi kinaruka.

Fundi_Ngamiani
Sheets nayo ina orodha ya kuchagua, na inafunguka kwenye simu.

Mkonge_Muheza
Kwenye Android kuna Collabora Office, ni ya ukoo wa LibreOffice na haidai bando kila saa. Kioo kidogo ndio shida.