Kisumu hadi Luanda kwa miguu: nipumzike wapi?

MguuNiponye: Wadau, Jumamosi natoka Kisumu kwa miguu hadi Luanda, barabara ya Busia, nirudi na matatu. Nataka mahali pa kukaa kitako nile chakula cha maana, si biskuti. Kisian, au nivumilie hadi Maseno?

ShemejiWaKondele: Kisian kunywa chai ya kusimama, uondoke. Mlima unaanza hapo, na jua la saa tano ukiwa katikati yake utajuta. Maseno ndipo pa kuvua viatu. Ikweta inapita hapo. Agiza ugali na mboga, ila kwanza badilisha soksi. Malengelenge mengi huletwa na soksi zilizolowa jasho, watu wanasingizia viatu.

MamaChapo: Tembea upande wa kulia uyaone magari yanayokuja. Na toka saa kumi na mbili, mvua ya huku hupenda alasiri.

MguuNiponye: Shukrani. Nabeba maji lita tano.

ShemejiWaKondele: Tano! Unahama? Beba moja na nusu, maduka yamejaa njiani.

MamaChapo: Na shilingi za sarafu, bwana. Muuza ndizi hana chenji ya elfu.